Muulize Fundi: "Fomu inalikataa jina langu"

Barua za mwezi huu zimetoka Nakuru, Alego, Kisumu, Mumias, Naivasha na Vihiga. Nimezisoma hapa hapa kwenye benchi langu Kisumu, katikati ya vioo vilivyopasuka na betri zilizovimba, mteja mmoja akiningoja na mwingine akinilaumu. Karibu nyote mmeanza kwa kuomba radhi: "mimi si mtu wa mitambo", "labda ni ushamba wangu". Acheni hayo. Simu nilizofungua ni nyingi, na ninachokiona kila mara ni programu ya mtu aliyejifikiria yeye mwenyewe: kijana, macho mazima, vidole vikavu, simu mpya, Kiingereza cha chuo na waifai ya ofisi. Asiyefanana naye anaambiwa ajifunze. Mimi nasema aliyetengeneza ndiye arudi akajifunze. Kwa hiyo majibu mengine hapa chini ni yenu, na mengine ni yao. Najua wanasoma, maana baadhi yao wameandika.

*Fundi, salamu kutoka Nakuru. Mimi ni mkandaji wa misuli na sioni tangu utotoni. Simu yangu ya Android inanisomea kwa TalkBack, na kwa kupiga na kutuma ujumbe sina shida. Shida ni programu ya chama chetu cha akiba. Kila nikigusa inasema "kitufe", nikisogeza kidole "kitufe", tena "kitufe". Juzi nilitafuta salio nikajikuta naomba mkopo. Halafu kikundi chetu cha WhatsApp cha michango hutuma kila tangazo kama bango, nayo simu husema "picha" ikanyamaza. Mwenyekiti anasema ninunue simu kubwa. Ninunue?*
*Mkandaji, Section 58, Nakuru*

Usinunue, ndugu yangu. Simu ya shilingi laki moja itakuambia "kitufe, kitufe" kwa sauti tamu zaidi, basi.

TalkBack husoma maandishi ambayo mtengenezaji ameyaweka nyuma ya kila kitu kilicho kwenye kioo. Kitufe cha kutafuta huwa kimechorwa lenzi, na anayeona anaelewa. Nyuma ya mchoro huo kuna nafasi ya kuandika "Tafuta", neno ambalo macho hayalioni lakini TalkBack hulitamka. Kuliandika ni mstari mmoja wa msimbo. Waliotengeneza programu ya chama chako wameiacha nafasi hiyo tupu kila mahali, nao hawajui, kwa sababu hakuna aliyewahi kuifungua akiwa amefumba macho. Wala si sharti la jana. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti uitwao WCAG ulitoka mwaka 1999, na agizo lake la kwanza kabisa lilikuwa hilo: kisichokuwa maandishi kiwekewe maandishi yake. Hapa kwetu shirika la viwango, KEBS, lilitoa kiwango cha KS 2952 kuhusu ufikivu wa bidhaa na huduma za TEHAMA mwaka 2022. Ukiwaandikia, kitaje kwa namba. Watu wa ofisi husikia namba haraka kuliko kilio.

Na usiwaandikie tu. Washa kurekodi kioo pamoja na sauti, zunguka kwenye programu yao dakika moja, uwatumie video hiyo. Meneja akisikia "kitufe, kitufe, kitufe" kwa masikio yake, ataelewa kitu ambacho barua ya kurasa mbili haitamfundisha.

Wakati unangoja, kuna njia ya kujisaidia. Weka kidole kwenye kitufe kisicho na jina, kisha gusa kioo mara moja kwa vidole vitatu ili menyu ya TalkBack ifunguke, utafute sehemu ya lebo. Hapo unaweza kukipa jina lako mwenyewe, "Salio" au "Mkopo, hatari!", na simu italikumbuka. Si kila programu inakubali, na kwenye TalkBack za zamani ishara ya vidole vitatu haipo, lakini jaribu. Mtu wa kukaa nawe mara ya kwanza akutajie kipi ni kipi awe yule unayemwamini na pesa zako. Menyu hiyohiyo ina njia ya kuficha kioo, kiwe cheusi huku wewe ukiendelea kutumia simu. Tumia hiyo pamoja na spika za masikioni unapoweka namba ya siri ndani ya matatu, maana jirani ana macho na ana masikio.

Sasa bango. Mwambie mwenyekiti hivi, na unaweza kumsomea: tuma bango lako lenye maua na picha ya marehemu, hakuna aliyekukataza, lakini chini yake andika kwa herufi za kawaida jina, siku, mahali na namba ya kutumia mchango. Simu za sasa hujaribu kusoma maandishi yaliyo ndani ya picha, na mara nyingine hufaulu, lakini mimi singeliamini jicho la mashine kwenye namba ya kulipia iliyoandikwa kwa mwandiko wa mapambo ya dhahabu. Tarakimu moja ikikosewa, mchango umekwenda kwa mtu wa Garissa. Tena maandishi hayo hayatakufaa wewe peke yako. Yatamfaa mzee asiyejua kukuza picha, na mama ambaye bando limeisha na picha haifunguki. Na yule mweka hazina anayetaka kunakili namba bila kuhama kutoka bango kwenda kwenye menyu mara saba, naye pia.

*Dada Fundi, mimi ni muuguzi, nimezaliwa Alego. Jina langu la ukoo lina ng' mara mbili. Nikijaza fomu ya kazi kwenye tovuti inaniambia "jina lina herufi zisizoruhusiwa". Nikaliandika bila ritifaa, ikapita. Wiki mbili baadaye nikaambiwa jina halilingani na kitambulisho, ombi limekufa. Rafiki zangu wanasema niende nikalibadilishe jina kwenye kitambulisho niondokane na balaa. Nifanye hivyo?*
*Muuguzi, Alego*

Usithubutu! Jina ulipewa kabla tovuti hiyo haijazaliwa.

Nitakueleza kinachotokea, kwa sababu ukikielewa utagombana nao vizuri. Fomu ikishajazwa, maneno yako yanapelekwa kwenye hifadhidata kwa lugha iitwayo SQL. Katika lugha hiyo, ritifaa ndiyo alama ya kuonyesha neno linaanzia wapi na kuishia wapi. Tuseme jina ni Ong'ang'o. Programu iliyoandikwa kizembe ikiliona inadhani jina limeishia kwenye "Ong", na yote yanayofuata ni amri ya kutekelezwa. Inachanganyikiwa, au inakwama. Wezi wa mitandaoni waligundua zamani kwamba unaweza kuandika amri halisi baada ya ritifaa na hifadhidata ikatii: ikupe siri za watu, ikafute jedwali zima. Dawa inajulikana kwa miongo sasa, nayo ni kupeleka amri kivyake na data kivyake, ili chochote alichoandika mtu kisiweze kamwe kugeuka amri. Waliotengeneza tovuti yako hawakutaka kazi hiyo. Wakaona rahisi kuipiga marufuku ritifaa yenyewe, na pamoja nayo akina Ng'ang'a, Nyang'au, Ong'era na wewe. Waairishi wenye majina kama O'Brien wanalia kilio hichohicho. Sisi hapa ukiita "Ng'" sokoni wanageuka nusu ya watu.

Kuna mtego wa pili, huu hata watengenezaji wazuri unawanasa. Ritifaa ziko mbili. Ipo iliyonyooka, na ipo iliyopinda kama mkia wa koma. Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti kama vile a na b. Aliyekuandikisha kitambulisho alitumia kompyuta ikaandika iliyonyooka. Wewe unajaza fomu kwa simu, nayo simu, kwa kujifanya inapamba maandishi, inaipindisha. Mashine ikilinganisha inasema ni watu wawili. Kama una iPhone, ingia kwenye mipangilio ya kibodi uzime kile kinachoitwa Smart Punctuation. Kwenye Android, bonyeza na ushikilie kitufe cha ritifaa, utaona zimejipanga juu uchague iliyonyooka.

Kwa ombi lako: piga picha ya kioo kinachosema "herufi zisizoruhusiwa", na siku na saa vionekane. Waandikie kabla ya siku ya mwisho, ukiambatanisha picha hiyo na nakala ya kitambulisho, useme wazi kwamba umejaza bila ritifaa kwa kuwa mfumo wao umekataa. Hapo mzigo wa kutolingana unakuwa wao. Kama tayari vyeti vyako vimeandikwa kwa namna mbili tatu, hati moja ya kiapo ya wakili inayosema majina yote ni ya mtu mmoja hutosha mahali pengi, na ni nafuu kuliko kubadilisha kitambulisho, kisha benki, kisha cheti cha chuo, kisha leseni ya uuguzi. Na ninyi wenye tovuti: jina ni neno ambalo mwenyewe analijua kuliko ninyi. Lipokeeni lilivyo. Msiniambie pia kwamba lazima yawe matatu, wala kwamba ukoo hauwezi kuwa na herufi mbili tu, wala msimlazimishe mtu kuandika namba ya nyumba wakati anakaa baada ya posho mill, njia ya kushoto, ulizia kwa mwalimu.

*Hujambo Fundi. Sisi ni vijana wanne, tumemaliza chuo hapa Kisumu. Tumetengeneza programu ya akina mama wanaouza samaki na omena pale ufukweni Dunga, waweke hesabu na wapate wanunuzi. Wenzetu chuoni waliisifu sana. Akina mama waliipakua, wakaitumia kidogo, wakarudia daftari. Je, tuongeze rangi na michoro? Au tuwafanyie semina? Pia mhadhiri wetu alisema mambo ya ufikivu tuyaache ya mwisho kwa kuwa wenye ulemavu ni wachache. Tumekutumia kiungo uijaribu.*
*Vijana wa Omena, Kisumu*

Wanangu, nimeijaribu. Sikuijaribu kwenye simu yangu. Mteja wangu mmoja anauza omena, aliniachia simu yake nibadilishe kioo, nikamwomba ruhusa, tukaifungua pamoja. Nitawaambia tuliyoyaona bila kuwapaka mafuta.

Kwanza ilikataa kuingia. Simu yake imejaa video za wajukuu, na programu yenu ni nzito kuliko nafasi iliyobaki. Akaniuliza afute video ipi. Hapo tayari daftari limeshashinda.

Ilipoingia tukatoka nje, kwa sababu yeye huuzia nje, juani. Maandishi yenu ni ya kijivu kwenye nyeupe. Ndani ya ofisi yanapendeza, lakini saa sita mchana ufukweni kwenye simu ya bei ya chini, mwanga umepunguzwa ili betri ifike jioni, hatukuona kitu. Ule mwongozo wa WCAG nilioutaja hapo juu una kipimo chake: tofauti ya mwanga kati ya maandishi na mandharinyuma isipungue 4.5 kwa 1, na kwa herufi kubwa 3 kwa 1. Zipo tovuti za bure za kupima, unaweka rangi zako mbili inakupa jibu. Pimeni, kisha nendeni Dunga na kioo kichafu mhakikishe kwa macho yenu.

Tukafika kwenye vidole. Kioo cha simu hutambua kidole kwa kuwa mwili hupitisha umeme, na maji hukichanganya. Mwanamke aliyetoka kuosha samaki ana vidole vyenye maji na magamba. Ninyi mmeweka kitufe cha "Hifadhi" ubavuni mwa "Futa", vyote vidogo kama punje. Google wenyewe wanashauri sehemu ya kugusa isipungue dp 48, ambayo kwenye kioo ni kama milimita 9. Vitenganisheni, na akifuta kwa bahati mbaya mpeni nafasi ya kurudisha.

Halafu kosa lililo kubwa kuliko yote. Programu inauliza: "Kiasi (kilo)". Ufukweni nani anauza omena kwa kilo? Wanapima kwa gorogoro, kwa karai, kwa debe, na gorogoro la juu lililojaa mlima si sawa na lile la kukata. Tena nusu ya biashara ni deni: huyu amechukua tatu atalipa Jumamosi, yule alilipa nusu akatoa na sukari. Programu yenu haina mahali pa kuandika deni. Daftari linapo, ukurasa wa nyuma. Huwezi kumwalika mtu kwenye semina ya kumfundisha kuacha kitu kinachofanya kazi.

Nikamuuliza, kando ya haya yote, kitu gani hakukipenda kabisa. Akasema ule ujumbe wa jioni unaotokea juu ya kioo kilichofungwa: "Hongera! Faida yako leo ni shilingi kadhaa." Simu hiyo inatumiwa na watu watatu nyumbani kwake. Hataki faida yake itangazwe mezani kabla hajaamua mwenyewe ya karo ni ngapi na ya kununulia mzigo wa kesho ni ngapi. Hilo hamkuweza kulijua chuoni, maana kila mmoja wenu ana simu yake na hakuna anayeifungua.

Kuhusu lugha. Kiswahili chenu ni kizuri, lakini baadhi ya wale akina mama kusoma kwenyewe ni kazi, na sauti ingewafaa kuliko michoro. Kibodi ya Google inaandika Kiswahili kwa kusikia sauti tangu 2017. Dholuo kimeingia kwenye kitafsiri chao mwaka 2024. Na karibu yenu kabisa, Chuo Kikuu cha Maseno kimeshiriki katika mradi wa Kencorpus uliokusanya maandishi na sauti za Kiswahili, Dholuo na Kiluhya kwa ajili ya kazi kama hizi. Nendeni mkabishe hodi. Ila msitarajie miujiza. Mama akiongea biashara huanza kwa Dholuo, bei akaitaja kwa Kiswahili, na tarakimu ya simu akaitoa kwa Kiingereza, yote kwa pumzi moja. Anzeni na kitu kidogo: kitufe cha kurekodi sauti ambayo yeye mwenyewe ataisikiliza jioni. Hakihitaji mashine ielewe chochote.

Wala msiwasahau wenye kabambe, zile simu za vitufe. M-Pesa ilianza mwaka 2007 kwenye menyu ya laini, ikafanya kazi kwenye simu ya tochi, na ndiyo maana ilifika vijijini kabla ya lami. Menyu ya USSD, ile ya kupiga namba yenye nyota, inawapa herufi 182 tu kwa kila ukurasa, ujumbe mfupi 160. Ni shule nzuri hiyo ya kuacha maneno yasiyo na kazi.

Mhadhiri wenu namheshimu, lakini hapo simkubali. Sensa ya 2019 ilihesabu wenye ulemavu asilimia 2.2 ya watu wa miaka mitano na zaidi, karibu watu laki tisa, na hao ni wale waliosema wana ugumu mkubwa au hawawezi kabisa. Mama mwenye mtoto wa jicho anayeanza hakuhesabiwa, wala yule ambaye mkono mmoja umeshika karai. Tena ukijenga kwanza ukaweka ufikivu mwisho, utabomoa. Jina la kitufe ukiliweka siku unayokichora ni sekunde kumi. Ukisubiri vitufe vifike mia mbili, hutafanya.

Kwa hiyo rudini. Tafuteni akina mama watano, awepo asiyesoma, awepo mwenye macho mabovu, awepo wa kabambe. Walipeni muda wao, maana saa ya asubuhi ufukweni ni pesa. Msiwaulize "mama, umeipenda?" Atasema ameipenda sana, ninyi ni wageni, ni watoto wa watu, na amewapa hata kiti. Mwambieni: "Mama, nimechukua gorogoro mbili, nitalipa Jumamosi, hebu iandike." Kisha nyamazeni, mikono nyuma, mtazame kidole chake kinasita wapi. Mwaka 2017 wasichana watano wa Kisumu Girls walitengeneza programu ya kuwasaidia wasichana walio hatarini kukeketwa, wakafika nayo hadi mashindano ya Technovation kule California. Walijiita The Restorers. Nasikia watu wakisifu safari ya ndege. Mimi nasifu kwamba walianza na msichana waliyemjua.

*Mama Fundi, kijana wangu ni kiziwi, alisoma shule ya viziwi Mumias na sasa ni fundi cherehani. Laini yake ya pesa ilifungwa. Anawaandikia huduma kwa wateja, wanajibu: "Tutakupigia tuthibitishe." Wakipiga nikipokea mimi, wanasema lazima wasikie sauti yake mwenyewe. Sauti ipi?*
*Mama wa Fundi Cherehani, Mumias*

Mama, hata mimi nimesoma barua yako nikasimama kidogo.

Mwende ofisini kwao nyote wawili na kitambulisho chake. Ombeni kuonana na msimamizi, msiishie kwa aliye kaunta. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, Braille au njia nyingine inayomfaa kuwasiliana. Lugha ya Ishara ya Kenya ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, kifungu cha 120. Inayokubalika Bungeni haiwezi kushindwa kufungua laini. Ombeni pia wabandike kwenye akaunti yake kwamba athibitishwe kwa ujumbe, kwa simu ya video yenye mkalimani, au ana kwa ana, ili mwezi ujao msirudi kuanza upya.

Pale kaunta anaweza kuweka mezani simu yenye Live Transcribe, programu ya Google ya 2019 ambayo huandika kwenye kioo maneno ya anayeongea. Inasaidia. Lakini wale wa ofisini wasiichukue kuwa ndiyo mwisho wa wajibu wao: lugha ya ishara ina sarufi yake, si Kiswahili wala Kiingereza kilichofanyiwa mikono, na kwa kiziwi aliyekua na ishara, aya ndefu ya masharti ya benki ni lugha ya pili. Mkalimani bado anahitajika penye pesa na penye sahihi.

Jambo moja kwako, mama, kwa upole. Hata katika dhiki hii, namba yake ya siri asikupe. Najua ingerahisisha. Ni mtu mzima, na pesa ni zake.

*Fundi, nafanya kazi shamba la maua Naivasha. Mashine ya kuingilia kazini inakikataa kidole changu, nahesabiwa nimechelewa. Wanasema wataleta ya kusoma uso. Itakuwa nafuu?*
*Mkata Maua, Naivasha*

Mistari ya kidole huchakaa kwa kazi ya mikono, na dawa na ukavu wa ngozi huongeza. Omba uandikishwe upya kwa vidole kadhaa, vikiwemo vya mkono usioshika makasi. Asubuhi osha mikono, kausha, paka mafuta kidogo sana, ubonyeze. Kila inapokukataa, mwambie mlinzi aandike jina na saa kitabuni, nawe utie sahihi.

Ya uso usiishangilie bado. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo ya kampuni kubwa iliyokisia jinsia ya mtu kwa kutazama uso. Kwa wanaume weupe kosa la juu lilikuwa asilimia 0.8, na kwa wanawake weusi lilifika 34.7. Mifumo imeboreshwa tangu hapo, lakini wewe utasimama mbele ya kamera ya bei rahisi saa kumi na moja na nusu alfajiri, umejifunga leso. Ulizeni mapema, pamoja, kupitia mwakilishi wenu wa chama cha wafanyakazi: mashine ikimkataa mtu, njia ya pili ni ipi? Kadi, namba au kitabu, chochote, mradi kiwepo kabla ya siku ya kwanza.

*Wajukuu wameninunulia simu ya kioo na kabambe yangu ya tochi wameificha. Hii mpya naigusa inaruka. Ile ya zamani nayo, nikituma pesa, hunikatia kabla sijamaliza kuandika namba. Nifuate ipi?*
*Kukhu, Vihiga*

Kukhu, waambie wakurudishie kabambe leo. Chaji yake hukaa, tochi inamulika, vitufe unavisikia kwa kidole. Kukukatia si ugonjwa wa simu wala wa mikono yako. Menyu ile hupewa muda mfupi, na aliyeupanga hakumpima mtu wa umri wako. Kabla hujaanza, andika kwenye karatasi namba ya unayemtumia na kiasi, uiweke mbele yako, ndipo upige. Ikikatika kabla hujaweka namba ya siri, hakuna pesa iliyotoka, anza tena bila wasiwasi. Ikikatika baada ya kuiweka, usirudie. Ngoja ujumbe, au angalia salio kwanza. Na wakala akikuambia "nipe hiyo namba nikubonyezee", simu irudishe mfukoni uende kwa wakala mwingine.

Ile ya kioo usiitupe. Mjukuu akuongezee ukubwa wa herufi kwenye mipangilio, aondoe programu zote kwenye uso wa kwanza abakishe mbili, ya kupiga na ya kuonana kwa video, na aweke muda wa kushikilia mguso uwe mrefu ili isiruke ovyo. Upo kwenye sehemu ya Ufikivu. Laini ya pesa ibaki kwenye kabambe. Hii nyingine iwe ya kuwaona walio Nairobi.